Kabla Mkaguzi Hajafika Mia

Siku Chuma aliposhindwa kupandisha tanga mbele ya gati zima, dada yake alikuwa amesimama kando yangu akimenya karanga. Alimenya moja moja, akapuliza maganda, akanigawia. Nami nikala. Nayasema haya mapema usije ukadhani kwamba mimi ni mtu mwema anayekusimulia habari za watu wabaya.

Chuma si jina alilopewa na wazazi wake, ila lile jingine hakuna aliyelitumia tena. Alikuwa nahodha. Ziwa letu ndilo linalonywesha mji mzima, kwa hiyo injini ni marufuku juu yake, hata iwe ndogo namna gani. Anayetaka kwenda ng'ambo huenda kwa upepo, au huzunguka kwa barabara na kufika amechoka hoi. Mashua ya Chuma ilichukua abiria kumi na wanane na mizigo yao. Ilikuwa na mlingoti mmoja mrefu na tanga kuu zito la kizamani, na aliirithi kwa baba yake.

Dada yake tulimwita Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo. Alimpita Chuma miaka mitano. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya ghala la kamba. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizosuguliwa mpaka kitambaa cha tanga kinateleza chenyewe ukikivuta, na cherehani ilikaa ndani ya shimo lililochimbwa sakafuni, ili meza yake iwe sawa na mbao. Mshonaji anakaa shimoni, kiuno kikiwa usawa wa sakafu, na dunia yote anaitazama kuanzia magotini. Nimekaa shimo la pili, mkabala naye, miaka kumi na tisa. Mume wangu alikufa nikiwa shimoni, watu wakaja kuniita, na aliyenishika mkono kunitoa humo ni yeye.

Lakini hakuzaliwa akiwa mshonaji. Alitaka unahodha.

Hapa kwetu cheti cha nahodha hakipatikani kwa maneno. Kila mwaka, wiki ya kwanza, mkaguzi wa ziwa hushuka gatini na kitabu chake. Nahodha hupandisha tanga kuu la mashua yake mpaka juu kabisa, kisha hulishusha lote, peke yake, kabla mkaguzi hajahesabu mpaka mia. Sharti hili liliwekwa zamani, baada ya dhoruba moja kuwatupa majini mabaharia wa mashua fulani, na nahodha aliyebaki peke yake akashindwa kulishusha tanga. Walikufa wengi. Tangu hapo ukishindwa huna cheti mpaka mwaka unaofuata, na jaribio ni moja tu. Na mashua ikikaa siku saba bila nahodha mwenye cheti, inanyang'anywa nafasi yake gatini, ndiyo basi tena.

Dada Mkubwa alijaribu akiwa na miaka ishirini na minne. Baba yao alikuwa ameanza kukohoa vibaya na alitaka mrithi. Binti alikuwa mkubwa, alilijua ziwa kuliko mdogo wake, na kifua anacho. Alivuta vizuri mwanzoni. Tanga likapanda, likapanda, likafika nusu ya mlingoti, likagoma. Akavuta mpaka akaning'inia kwenye kamba miguu ikiwa hewani. Mkaguzi akafika mia. Watu wakapiga makofi yale ya kumcheka mtu.

Baba yake akamwambia, "Shuka."

Akashuka. Jioni ile alimfuata baba kitandani akamweleza kwamba kuna njia. Wakiweka kapi la pili, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kwenye kichwa cha tanga, uzito utakuwa nusu, na mwakani hata mtu mgonjwa atalipandisha. Mzee akamgeuzia mgongo akasema, "Tanga halibembelezwi." Kesho yake Chuma, kijana wa miaka kumi na tisa, alilipandisha lile lile mpaka juu na kulishusha, mkaguzi akiwa tisini na mbili. Akapewa mashua. Dada akapewa sindano.

Tangu siku hiyo Chuma alimpa jina la utani: Nusu Mlingoti. "Nusu Mlingoti, shati langu limechanika." "Nusu Mlingoti, mletee mgeni chai." Alimwita hivyo harusini kwake, mbele ya wakwe, akamwita hivyo hata siku walipomzika mama yao. Naye aliitika. Ukimuuliza kwa nini anaitika, anasema, "Ni mdogo wangu, nitamfanya nini?"

Sasa nije kwenye bega.

Kila Jumapili Chuma alikula kwa dada yake, maana mkewe alikwisha kuchoka naye na kurudi kwao. Jumapili moja nami nilikuwepo. Chuma alitaka kikombe cha rafu ya juu. Alinyanyua mkono wa kulia, ukafika usawa wa kidevu, ukaishia hapo. Akajifanya anakuna shingo. Kisha akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto akaendelea kupiga soga kama kawaida. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na saba.

Alipoondoka, Dada Mkubwa alikaa na kitambaa cha vyombo mikononi.

"Mdogo wangu," akaniambia, "bega la kaka limekufa."

"Mkaguzi anakuja baada ya miezi miwili," nikasema.

"Najua anakuja lini."

"Basi mwambie kaka yako aache mapema, kuliko kuja kuumbuka."

Akanitazama kama niliyemtukana. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Akiiacha mashua atakufa. Hana kingine. Hana mke, hana mtoto, hana hata rafiki. Ana tanga tu." Akakunja kitambaa mara nne. "Tutalifanya jepesi. Na hatamwambia mtu, kwa kuwa hatajua."

Kila mwaka, kabla ya ukaguzi, mashua hupandishwa nchi kavu kwa wiki nzima ipakwe rangi, na tanga huletwa ghorofani kwetu lishonwe palipochanika. Manahodha hawapandi ngazi zetu. Wanaona sindano itawapunguzia kitu. Katika miaka yangu kumi na tisa Chuma hakuwahi kukanyaga sakafu ile hata mara moja, na dada yake alilijua hilo.

Tulianza na meno. Ukingo wa tanga unaokaa kwenye mlingoti umeshonewa vipande vidogo vinavyopita ndani ya reli, nasi tunaviita meno. Ya Chuma yalikuwa ya shaba, arobaini na mawili, yameota ukijani na kuchakaa upande, na kila moja lilikwaruza reli likipanda. Tuliyakata yote, tukashona mapya ya plastiki ngumu. Yale ya zamani Dada Mkubwa aliyatia kwenye bati la biskuti. Sikumuuliza ya nini, yeye hatupi kitu.

Kisha mlingoti. Mwenye mwili mwepesi ni mimi, kwa hiyo nilikalishwa kwenye kibao cha kamba akanivuta mpaka juu. Kapi la kileleni lilikuwa limeacha kuzunguka siku nyingi, kamba ilikuwa inasugua tu, imejichimbia mfereji wake. Nikaling'oa, nikafunga jipya lenye beringi, ukiligusa kwa kidole linazunguka mpaka ulisahau. Nikateremka taratibu nikiisafisha reli kwa mafuta ya taa, kisha nikaisugua kwa mshumaa.

Halafu tukaweka lile kapi la pili alilomwambia baba yake. Alilishona kwenye kichwa cha tanga kwa mkono, uzi mara tatu, akalifunika kwa kipande cha kitambaa kama kofia ili lisionekane. Kamba sasa ilipanda kileleni, ikashuka mpaka kichwa cha tanga, ikazunguka kapi, ikarudi juu na kufungwa. Uzito ukawa nusu. Na upande wa kushusha tulifunga kamba mbili nyembamba kulia na mbili kushoto, kutoka mlingotini mpaka kwenye boriti ya chini, ili tanga likiachiwa lishuke lenyewe na kukaa katikati yao, lisimwagike huku na huku likahitaji mtu wa kulikumbatia. Hizo zingeonekana, kwa hiyo Chuma aliambiwa ni za kuzuia tanga lisichafuke.

"Dada, hapa tumekosea," nikamwambia tulipomaliza. "Uzito umekuwa nusu lakini kamba imekuwa mara mbili. Akivuta, lundo litamfika magotini. Ataona."

"Kaka yangu hajawahi kuangalia miguuni pake tangu azaliwe," akanijibu.

Tukacheka sana. Nakumbuka tulivyocheka.

Siku ya ukaguzi Chuma alifika amepauka, midomo mikavu. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Alishika kamba, akavuta mara ya kwanza, akasimama. Akautazama mkono wake. Mkaguzi alikuwa saba, nane, tisa. Kisha Chuma akaanza kuvuta kwa kasi, mkono wa kushoto ukifanya kazi na wa kulia ukishika tu, na tanga likapanda bila kelele. Likafika juu, akaliachia, likashuka lenyewe katikati ya zile kamba. Mkaguzi alikuwa sitini na tatu. Gati zima lilishangilia. Dada Mkubwa alinifinya mkono mpaka ukaniuma, na alikuwa analia waziwazi kwa furaha.

Mchana ule manahodha walikula pamoja ukumbini kwao, kama kila mwaka, na sisi wa sindano tulialikwa kugawa chai. Chuma kichwa kilikuwa kimemvimba. Mtu wa miaka hamsini na saba, sitini na tatu! Vijana wamevuka themanini! Wakamtaka atoe siri ya nguvu zake.

"Siri ninayo," akasema, "ila si hiyo." Akasimama. "Mnamkumbuka Nusu Mlingoti alivyoning'inia?"

Wakapiga meza. Wazee walikumbuka, na vijana walikwisha kusimuliwa.

"Leo nawapa kitu ambacho hata marehemu baba hakukijua. Asubuhi ile, kabla watu hawajafika, nilipanda mlingotini na kikopo cha utomvu. Nikaupaka ndani ya reli, pale nusu kabisa. Nilipaka wa kutosha! Lingepanda mpaka wapi? Angevuta tembo, lisingepita. Jioni nikapanda tena nikaufuta kwa mafuta ya taa. Kesho yake, mimi huyo, nahodha!"

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka vile. Mzee mmoja alimwaga chai yake mapajani. Chuma naye alicheka, macho yakimtoka maji, na alikuwa anamtazama dada yake aliyesimama na birika mkononi.

Dada Mkubwa alicheka. Nilimwona. Akamaliza kumjazia kikombe yule mzee, akapita kwa anayefuata.

Kesho yake alishona kutwa nzima. Ilipokaribia saa ya kufunga akaniuliza, "Utomvu unaganda baada ya muda gani?"

"Kwenye jua? Saa moja, mbili."

"Basi aliupaka mapema sana," akasema. Akachomoa sindano, akaifuta, akairudisha kwenye kijaluba. "Miaka thelathini na minane. Nilidhani ni mikono yangu."

Nilidhani ataenda kumpa vidonge vyake, au ataling'oa lile kapi siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo. Siku za kazi mabaharia wawili huvuta pamoja na nahodha, kwa hiyo tanga likiwa jepesi au zito si neno; siku inayohesabika ni moja. Dada Mkubwa aliisubiri. Jumapili hamsini zilikuja na kupita, na kila Jumapili alimpikia kaka yake, akamkatia nyama vipande vidogo ili asihangaike na bega, akaitika "Nusu Mlingoti" kama kawaida. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Lakini niliendelea kwenda kula, chakula chake kilikuwa kitamu.

Wiki ya rangi ilipofika tena, tanga likaletwa ghorofani. Dada Mkubwa akateremsha bati la biskuti kutoka kwenye rafu, akamwaga meno ya shaba sakafuni.

"Unaweza kukataa," akaniambia.

Sikukataa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Hata nikamwuliza, "Tutie na utomvu kidogo?"

"Hapana. Tunarudisha kilichokuwa chake. Tusiongeze hata chembe, na tusipunguze."

Tukakata meno ya plastiki, tukashona ya shaba, arobaini na mawili, mahali palepale. Tukatoa kapi la kichwani. Nikapanda mlingotini nikarudisha lile kapi bovu kileleni, na kamba ikakaa kwenye mfereji wake wa zamani. Zile kamba nne nyembamba tuliziacha, kwa kuwa angeona hazipo. Vifaa vyote vipya aliviweka kwenye bati la biskuti, akafunga kifuniko. Kwenye kitabu cha kazi aliandika kwamba tanga limeshonwa viraka viwili, na kweli tulishona viwili.

Na hivyo ndivyo tulivyofika kwenye karanga.

Chuma alikuja siku ile akiwa na shati la mikono mifupi. Alitaniana na watu, akamwambia mkaguzi afungue kinywa tu, hata hamsini hatafika. Akashika kamba akavuta.

Nilikuwa mbali kidogo lakini niliona mwili wake ukipokea ule uzito. Magoti yalijipinda. Akavuta tena, meno yakakwaruza reli, sauti ikatufikia gatini. Ishirini. Alivuta kwa kushoto, akakanyaga kamba kwa mguu ili isirudi, akavuta. Thelathini na tano. Tanga lilikuwa halijafika robo. Hapo akasahau, au akaamua kujitoa mhanga, akanyanyua mkono wa kulia juu ya kichwa na kuuning'iniza kwenye kamba. Alitoa mlio ambao sitaki kuuelezea. Tanga likapanda kwa kusuasua, likakaa.

Mkaguzi wetu ni mtu wa huruma. Kutoka themanini kwenda mbele alihesabu polepole, akivuta kila tarakimu, akimpa nafasi. Huruma ile ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana sote tulibaki tumemtazama mtu mzima anatetemeka, mate yanamdondoka, na kila mmoja alijua kwamba haliwezekani.

Tisini na tano Chuma akaacha kuvuta. Akatazama juu kileleni. Akatazama chini, miguuni pake, kwenye lile lundo dogo la kamba. Kisha akageuka akatutafuta sisi wawili katikati ya watu, akatuona, akatutazama mpaka hesabu ikafika mia. Akaiachia kamba.

Tanga lilikuwa limefika nusu. Mtu mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Nusu Mlingoti!" na gati zima likaangua kicheko.

Dada Mkubwa akatia karanga kinywani.

Siku ya tatu akaenda ofisini kwa mkaguzi, akajiandikisha. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Siku ya tano alifungua bati la biskuti juu ya mashua, mchana kweupe, watu wakitazama, tukayashona meno ya plastiki hapohapo, tukafunga kapi la kichwani bila kofia. Nahodha mmoja akalalamika kwamba huo ni ujanja. Mkaguzi akafunua kitabu chake, akasoma sharti kwa sauti. Limesema peke yake, limesema kabla ya mia. Halikusema tanga liwe zito.

Chuma alikuja kutazama. Alisimama kwenye nguzo ya gati, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alimwona dada yake akipandisha tanga la baba yao kwa mikono miwili iliyotulia, kama mtu anayeteka maji, akaliachia likashuka. Sabini na moja. Watu walishangilia hata kuliko walivyomshangilia yeye. Dada Mkubwa alishuka mashuani, akampita kila mtu, akasimama mbele ya kaka yake.

"Pampu inahitaji mtu," akamwambia. "Ni ya mkono mmoja."

Ile mashua ni kuukuu, maji huingia chini, na lazima mtu akae nyuma apige pampu njia nzima. Chuma angeenda wapi? Alikubali. Nimeambiwa kwamba safari ya kwanza, walipofika katikati ya ziwa, upepo ukiwa mtulivu na abiria wamechoka kutazamana, Dada Mkubwa aliwauliza, "Mnamwona huyo mwenye pampu? Huyo anaitwa Chuma. Ngoja niwasimulie." Akawasimulia. Shati la mikono mifupi, hamsini hutafika, mate, nusu ya mlingoti. Ana kipaji, sikujua. Abiria walivunjika mbavu. Safari ya kurudi akawasimulia wengine. Na kila siku iliyofuata.

Mimi nilibaki ghorofani na shimo lake, mkabala nami, likiwa tupu.

Mwezi wa nne Chuma alipanda ngazi zetu. Nilisikia hatua nikadhani ni mchukuzi. Alikuwa ameleta tanga dogo la mbele lililochanika, amelibeba begani, lile zima. Akalitua, akasimama akizitazama mbao, shimo la cherehani, rafu, na bati la biskuti.

"Kumbe ni hapa," akasema.

"Kaa, kaka."

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikaendelea.

"Nilijua," akasema. "Mwaka ule wa kwanza. Nilipovuta mara ya kwanza tu."

Uzi ukanitoka.

"Mnadhani mimi ni mjinga? Nimelivuta tanga lile miaka thelathini na minane. Lije jepesi ghafla, na kamba imenijaa miguuni mpaka nashindwa kugeuka, nisijue? Nilijua ni yeye. Hakuna mwingine mwenye akili hiyo. Hilo kapi alimwambia baba, nilikuwa mlangoni nasikiliza."

"Mbona hukumshukuru?"

"Ningeanzaje?" Alikuwa anaikuna mbao kwa ukucha. "Ningesema ahsante, ingebidi niseme na ya utomvu. Nilikaa na ile habari miaka yote hiyo. Siku ile nikaona, huyu mtu amenibeba, na mimi ndiye niliyemtupa. Nikaona lazima niseme leo. Lakini nimkalishe chini, uso kwa uso, nimwambie? Sikuweza, dada. Nikaona niseme watu wakiwa wanacheka, labda naye atacheka, halafu iwe imeisha." Akalitazama bati la biskuti. "Na alicheka. Nilimwona anacheka. Nikadhani amenisamehe."

Nilimwambia atasikia baridi pale sakafuni. Ndilo neno lililonitoka. Akainuka, akaniomba nisimwambie dada yake, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Nilimwambia dada yake jioni ileile. Nilidhani nafanya jema. Nilikwenda mpaka kwake nikamkuta anaosha vyombo, nikampa yote, neno kwa neno, mpaka la kusikiliza mlangoni. Nililia nikimweleza. Yeye aliendelea kusugua sufuria ileile muda mrefu.

"Alisema ndiyo ilikuwa samahani yake?" akauliza.

"Ndiyo, dada."

"Ile ya mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Akaisuuza ile sufuria, akaifunika juu ya meza. "Ahsante kwa kuniambia, mdogo wangu. Kesho njoo tuvuke wote, hujaniona nikiwa kazini."

Nikaenda. Nilivaa gauni langu zuri, moyo mweupe kabisa, maana nilijua naenda kushuhudia watu wawili wakipatana. Mashua ilijaa. Alipandisha tanga kwa wepesi ule tulioutengeneza, nami niliona fahari. Chuma alikuwa nyuma na pampu yake, akanipungia mkono.

Katikati ya ziwa upepo ukatulia.

"Mnamwona huyo mwenye pampu?" Dada Mkubwa akaanza. Akawasimulia kama kawaida, shati, mkaguzi, nusu ya mlingoti, abiria wakaanza kushika matumbo. Nilisubiri amalize. Lakini safari hii hakuishia pale. "Na bado sijafika penyewe!" akasema, akiinua mkono kuwanyamazisha. "Kumbe mwenzenu alijua! Alijua tanga limefanywa jepesi, lakini kusema ahsante anaona haya. Sasa sikilizeni alivyoniomba samahani..."

Akawapa yote. Mlangoni, utomvu, "sikuweza, dada," akaiiga na sauti yake, mpaka ule ukucha unaokuna mbao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka hadi mtoto akaamka. Chuma naye alikuwa anacheka, kama alivyozoea kucheka, akipiga pampu kwa mkono wa kushoto. Ila hakuwa anamtazama dada yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Na kwa kuwa mashua nzima ilikuwa inacheka, nami nilicheka.